Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyewafumbua macho waliosoma

Katika zama zetu hizi tumezoea kumpima mtu kwa vyeti vyake. Kijana akija kuposa huulizwa amesoma mpaka wapi. Mzee akisimama kwenye mkutano wa mtaa kutoa rai yake, kabla hajafika mbali watu wameshaanza kunong'onezana: huyu naye kasoma wapi? Mimi mwenyewe nimepita chuo kikuu na riziki yangu naipata kwa kufundisha, kwa hiyo sina sababu ya kuidharau shahada. Kutafuta elimu ni faradhi, na anayeikimbia anajidhulumu nafsi yake. Hata hivyo, wapo waliosoma sana wakafumba macho mbele ya dhulma, na wapo ambao hawakupata hata siku moja ya kukaa darasani lakini wakawafumbua wenzao macho. Katika kundi hili la pili, nchi yetu haina mfano mkubwa kuliko wa Bibi Siti binti Saad wa Unguja.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ili msomaji asije akanielewa vibaya. Najua kwamba suala la muziki na ala zake lina maneno mengi baina ya wanazuoni wetu, na kila mmoja ana hoja zake. Makala haya si fatwa, na sikukusudia kulifungua mlango suala hilo hapa. Ninachokusudia ni kusimulia maisha ya mama mmoja wa Kiislamu ambaye watu wengi mijini wanalijua jina lake bila ya kujua alifanya nini, kisha tujiulize tunajifunza nini kwake. Mwenye kuona kwamba njia aliyoitumia ina walakini, bado atafaidika kwa kuangalia aliitumia kwa ajili ya nini.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake asili ya Kizigua. Kwa wanaoijua historia, asili hizo mbili katika Unguja ya karne ile zinatosha kueleza mambo mengi. Biashara ya kuuza watumwa ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali, na ukaendelea kuwa halali mpaka mwaka 1897. Mtoto huyo hakupewa jina la Siti. Alipewa jina la Mtumwa. Hebu msomaji litafakari hilo. Mtoto mchanga ambaye hajamkosea mtu anabebeshwa hali ya wazee wake kama jina, ili kila atakayemwita amkumbushe daraja yake. Akiitwa kuja kula anakumbushwa, na akiitwa kutumwa kisimani anakumbushwa pia.

Fumba ya leo inajulikana kwa nyumba mpya za kisasa zinazojengwa huko. Fumba ya wakati ule ilikuwa ni kijiji cha wakulima, wavuvi na wafinyanzi. Wazee wake Siti walilima na kufinyanga vyungu, naye akalelewa katika kazi hizo hizo. Udongo unachimbwa, unakandwa, unafinyangwa, unaanikwa, unachomwa, halafu unabebwa kichwani mpaka mjini ukauzwe. Kazi ya kuviuza ilikuwa ya binti huyo. Alikuwa akitembea mtaa kwa mtaa na mzigo wake, akinadi.

Na hapa ndipo chuo chake cha kwanza kilipokuwa. Muuza vyungu hana duka wala hana kibao. Ana sauti yake tu. Lazima imfikie mwanamke aliyeko uani, nyuma ya ukuta na mlango uliofungwa, na tena imvutie mpaka aache shughuli yake atoke. Sauti ikiwa hafifu, vyungu vinarudi navyo Fumba. Ikiwa ya kukera, watu wanafunga madirisha. Binti yule akajifunza mwenyewe, pasina mwalimu, namna ya kuitupa sauti mbali bila ya kuichosha na namna ya kuipamba bila ya kuipoteza maana yake. Ilifika mahali watu wa mjini wakamtambua kwa sauti kabla hawajamuona.

Shule hakwenda, na wala asingeweza kwenda hata kama angetaka. Shule ya kwanza ya serikali kwa ajili ya wasichana Unguja ilifunguliwa mwaka 1927, wakati ambapo Siti alikuwa mtu mzima wa kiasi cha miaka 47. Kuandika hakujua. Mambo yote aliyoyabeba katika maisha yake, mashairi, nyimbo, visa na majina ya watu, aliyabeba kifuani. Sisi Waislamu tusilishangae hilo, kwa sababu ni umma ambao elimu yake kubwa kuliko zote ilihifadhiwa vifuani kabla ya kukusanywa katika msahafu.

Mwaka 1911 alihama Fumba akaingia mjini kutafuta maisha. Huko akakutana na Ali Muhsin, mtu aliyekuwa katika taarab ya mjini, ambaye alimsikia akatambua kwamba ile haikuwa sauti ya kawaida. Ndiye aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala. Tuweke kila kitu mahali pake: kuhusu ala alikuwa na mwalimu, na kumtaja mwalimu ni katika adabu. Lakini sauti, hifadhi na moyo wa kusema alikuja navyo kutoka Fumba.

Taarab yenyewe wakati huo haikuwa ya watu wa aina yake. Ililelewa katika jumba la mfalme tangu enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na ambaye alimpeleka mtu Misri kwenda kujifunza. Mwaka 1905 ikaanzishwa klabu ya Ikhwani Safaa, ikawa na watu wa heshima zao. Lugha yake ilikuwa Kiarabu. Walioifahamu walikuwa wachache, na walioalikwa kuisikiliza walikuwa wachache zaidi. Sasa katika mazingira hayo anaingia mwanamke mtu mzima, mfinyanzi kutoka shamba, aliyezaliwa na jina la Mtumwa, naye anaimba kwa Kiswahili.

Jina la Siti alipewa baada ya kupata umaarufu. Kwa Kiarabu maana yake ni bibi, mwanamke mwenye hadhi. Kutoka Mtumwa mpaka Siti ni safari ndefu, na hakuisafiri kwa kuolewa na tajiri wala kwa kubuni nasaba. Wapo waliokuwa wakifanya hivyo, na mpaka leo wapo, watu wanaoamka asubuhi wakiwa na babu mpya. Yeye aliendelea kujulikana kuwa ni binti Saad wa Fumba.

Makazi yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mkondo wa maji uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na makazi ya watu wa chini: wapagazi, wachuuzi, mafundi, wapishi, madobi na waliokuwa watumwa pamoja na watoto wao. Waliomzunguka katika kazi yake ni watu ambao majina yao yanastahili kukumbukwa pamoja na lake: Maalim Shaaban, Subeti, Buda na Mbaruk. Jioni watu walikusanyika nyumbani kwake. Yalizungumzwa ya sokoni, ya bandarini, ya mahakamani na ya majumbani. Nani kaonewa, nani kapora, nani kafungwa bila ya kosa. Katika mazungumzo hayo ndimo nyimbo zilimozaliwa. Habari ilipangwa katika mashairi, ikatiwa sauti, na baada ya siku chache mji mzima ulikuwa nayo.

Mwaka 1890 Unguja ilikuwa imewekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mashauri yaliandikwa katika majalada, na hukumu zilitolewa na mahakimu ambao mara nyingi hawakuijua vyema lugha ya mshitakiwa. Mtu wa Ng'ambo hakuwa na gazeti la kumtetea na hata angekuwa nalo asingeweza kulisoma. Gazeti lake likawa ni Siti.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni wimbo wa Kijiti. Kisa chake kilikuwa cha kweli. Mwanamke mgeni alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam, naye alikuwa mja mzito. Akatoka usiku na wenyeji wake kwenda kwenye ngoma, na huko mwanaume aitwaye Kijiti akamchukua, akamfanyia unyama na kumuua. Muuaji akatoroka, akavuka bahari akaenda zake bara. Kesi ikafika mahakamani, na waliosimama mbele ya hakimu wakawa ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Walikuja kutoa ushahidi juu ya mauaji. Wakatoka wakiwa wao ndio wafungwa, kwa sababu walihusishwa na ununuzi wa pombe ya usiku ule. Muuaji yuko huru ng'ambo ya bahari na mashahidi wako gerezani.

Ndugu msomaji, mimi na wewe tunajua hukumu ya dini yetu juu ya pombe, na hakuna anayeitetea. Lakini hebu tuangalie mizani. Roho ya mwanamke imetoka, na pamoja nayo roho ya kiumbe aliyekuwa tumboni. Badala ya dola kumtafuta aliyemwaga damu, inawaadhibu walionunua chupa halafu inafunga jalada. Huko ni kutumia kosa dogo kufunika kubwa. Waheshimiwa wa mji walilijua tukio hilo. Wasomi walilijua. Waliokuwa na uwezo wa kuandika barua kwa serikali walilijua. Aliyelisimamisha mbele ya watu wote likabaki limesimama mpaka leo ni mwanamke asiyejua kuandika. Jalada la kesi ile ni wangapi wamelisoma? Kisa chenyewe bado kinasimuliwa pwani nzima.

Jambo ninalolipenda katika wimbo huo ni kwamba hauwi lawama tupu. Anayeusikiliza anapata tukio lilivyokwenda: mgeni alivyofika, walivyotoka, yaliyotokea, na mahakama ilivyoamua. Ni ushahidi uliopangwa. Waliofungwa kwa kuwa mashahidi walipata mtu wa kuutoa upya ushahidi wao katika baraza ambalo hakimu yule hakuwa na mamlaka ya kulifunga.

Ziko nyimbo nyingine za namna hiyo. Upo unaohusu mtu mwenye kalamu na nafasi aliyewadhulumu wasiojua kusoma, hatimaye naye akaonja jela. Tusomao tuutafakari huo kwa makini, kwa sababu unatuhusu. Kalamu mikononi mwa asiyemcha Mungu ni panga. Yule mkulima anayepiga dole gumba kwenye karatasi asiyoijua anamuamini anayemsomea, na imani hiyo ni amana. Ziko pia nyimbo za nasaha kwa wanawake na wanaume juu ya ndoa, tamaa na usaliti, na ziko za mapenzi, na baadhi aliimba kwa Kiarabu.

Haikuwezekana mtu wa aina hiyo asipate maadui. Walikuwepo walioimba kumkejeli, wakamkumbusha vyungu na umasikini aliotoka nao shamba, na kuuliza amekuwa mtu tangu lini. Sura yake nayo haikusalimika na dhihaka. Jibu lake alilitoa kwa wimbo vilevile, na maana yake ni kwamba uzuri wa sura si hoja wala si cha kujivunia, na kwamba kilema kibaya kwa mja ni kukosa akili. Hakukana kwamba aliuza vyungu. Hakutukana mzazi wa mtu. Alichukua ile ile silaha ya hasimu wake akaigeuza kuwa somo kwa watu wote. Ni wangapi katika sisi tungeweza? Siku hizi mtu akiguswa kidogo tu hadharani, anafukua mpaka makaburi ya ukoo wa mwenzake.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, ambako kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilizirekodi nyimbo zao. Ni miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za Kiswahili, na yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwekwa katika santuri. Safari hiyo ilifuatiwa na nyingine, na kufikia mwaka 1931 santuri zao zipatazo 72,000 zilikuwa zimeshauzwa. Msomaji asiichukulie tarakimu hiyo kwa wepesi. Gramafoni ilikuwa kitu cha ghali, na moja ikiwa katika mkahawa au barazani ilisikilizwa na mtaa. Mtu wa Mombasa au Tanga ambaye hajawahi kukanyaga Unguja alijua kilichotokea katika mahakama ya Unguja, na alikijua kwa lugha yake mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1928, wakazi wa Ng'ambo walikuwa katika mgomo wa kukataa kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Sisemi kwamba Siti ndiye aliyeuanzisha mgomo. Ninachosema ni kwamba watu waliozoea kusikia dhulma ikitajwa kwa jina lake, jioni baada ya jioni, ni vigumu kuwaambia kwamba dhulma ni majaaliwa.

Siti huyo huyo alialikwa pia kuimba katika majumba ya wakubwa, likiwemo jumba la Sayyid Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia mwaka 1911 mpaka 1960. Kuna watu ambao wakiingia kwenye zulia la mkubwa wanasahau jamvi walilotoka, na njaa ya mtaa wao inageuka kuwa uvumi wa maadui. Siti aliingia ikulu akatoka, akarudi Ng'ambo kwa watu wake, na visa vyao vikaendelea kuimbwa.

Alifariki dunia mwezi Julai 1950. Kabla ya hapo alikuwa ameonana na Shaaban Robert, mshairi na mwandishi wetu mkubwa, ambaye aliyasikiliza maisha yake na kuyaandika. Wasifu wake ulichapishwa mwaka 1958. Jambo hilo lina uzuri wake. Shaaban Robert alikuwa na kalamu kali kuliko kalamu zote za Kiswahili za zama zake, angeweza kuandika wasifu wa mfalme yeyote au gavana yeyote, naye akaenda kukaa mbele ya bibi kizee asiyejua kusoma akamsikiliza. Hiyo ndiyo adabu ya msomi wa kweli. Waliofuata hawakumsahau pia. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikulia katika kivuli chake, na nyimbo alizozichota kwake aliziimba katika nchi nyingi za dunia. Chama cha waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza, tulipokuwa tukizungumzia watu walioathiri jamii za Kiislamu za pwani, kwa nini nimtaje mwimbaji baada ya kutaja masheikh na makadhi. Ni swali la haki. Nilimjibu kwamba masheikh wetu walitufundisha kuwa kunyamazia dhulma ni dhambi, na kwamba kusema kweli mbele ya mwenye nguvu kuna daraja kubwa. Kulijua fundisho hilo ni rahisi, na wengi tunalihifadhi na kulijibia mitihani. Tunatofautiana siku ya kulifanyia kazi. Siku ile mwanamke mgeni alipouawa na mashahidi wake wakafungwa, waliokuwa wakilijua fundisho walikuwa wengi. Aliyetoa sauti alikuwa muuza vyungu. Mwanafunzi yule hakusema kitu, na sikumlazimisha akubali.

Leo hii miji yetu imejaa wasomi, walimu, wanasheria, waandishi na wahubiri wenye vipaza sauti vikubwa. Na muuza vyungu bado anapita. Huenda siku hizi anauza mandazi, mboga au maji ya kunywa, kabeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Mgambo wanamwaga biashara yake, anadhulumiwa kiwanja cha urithi na shemeji zake, binti yake anafanyiwa unyama halafu kesi inakwisha kwa mashahidi kuambiwa wao ndio wenye makosa. Nani anapanga ushahidi wake ukasikika? Tunasubiri azaliwe Siti mwingine asiyesoma aje atusemee sisi tuliosoma?

Kila mmoja wetu amepewa chombo chake. Kuna aliyepewa kalamu, kuna aliyepewa mimbari, kuna aliyepewa kiti ofisini, na kuna aliyepewa koo tu. Siku ya hesabu tutaulizwa juu ya kile tulichopewa, na mwenye kupewa kingi ataulizwa kingi. Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Siti binti Saad, amsamehe alipoteleza kama tunavyomuomba atusamehe sisi, na atujaalie ujasiri wa kuvitumia vyombo vyetu kabla havijachukuliwa. Amin.